Land Cruiser ya dizeli na mafuta mbadala: tuyapime kwenye barabara ya Loliondo

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inapotangaza bei kikomo za mafuta, sisi tunaotegemea magari ya watalii hapa Arusha hurudia mjadala uleule: je, hatuwezi kuyaendesha magari haya kwa kitu kingine badala ya dizeli? Mjadala huo ulipamba moto mwaka 2022, bei ilipopanda kiasi cha kuifanya Serikali itoe ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi, na tangu hapo haujapoa. Wapo wanaotaka gesi, wapo wanaotaka mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika, wapo ambao bado wanaukumbuka mbono kaburi (jatropha), mti wa mbegu za mafuta, na siku hizi wapo wanaosema jibu ni umeme. Mimi nashughulika na matengenezo ya magari hayo, na msimamo wangu ni kwamba mafuta ya gari la porini hayapimwi kwa bei ya lita moja kituoni mjini. Yanapimwa kwa kuuliza yataifanyia nini injini, na yatapatikana wapi, katika sehemu ya mbali kabisa ambako gari hilo linafika. Kwetu sehemu hiyo ni njia ya Mto wa Mbu, Engaruka, Engare Sero na Loliondo, hadi Kogatende kaskazini mwa Serengeti, kisha kurudi.

Nitatumia injini moja ambayo kila gereji ya Arusha inaifahamu, yaani 1HZ ya Toyota, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990 na ambayo hadi leo imo katika Land Cruiser nyingi sana za mbugani. Ina silinda 6 zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wake ni lita 4.2, haina tabo, na dizeli yake hairushwi moja kwa moja juu ya pistoni bali ndani ya chumba kidogo kilichomo kwenye silinda hedi, ambamo ndimo moto unamoanzia. Mgandamizo wake unazidi kidogo 22 kwa 1. Kwa sababu ya chumba hicho na mgandamizo huo, hata mafuta yaliyo mazito kuliko kawaida huwaka ndani yake bila kelele nyingi, na hapo ndipo ulipoanzia usemi wa madereva kwamba 1HZ inakula chochote.

Usemi huo unasahau pampu. Pampu ya 1HZ ni ya aina ya VE, yenye plunja moja tu ambayo huzunguka na kusukuma kwa wakati mmoja, ikigawa mafuta kwa silinda zote 6. Haina oili yake yenyewe: kinachoilainisha na kuipoza ni dizeli inayopita ndani yake, na uwazi kati ya plunja na nyumba yake hupimwa kwa maikroni. Injini ya zamani ya 2H ilikuwa na pampu ya mstari inayolainishwa kwa oili ya injini, kwa hiyo iliweza kuvumilia mambo ambayo VE haiyavumilii. Anayesimulia kwamba Land Cruiser ya mjomba wake ilikunywa mafuta ya alizeti kwa miaka mingi na haikuharibika huenda anasema kweli kabisa, lakini yampasa kwanza aseme ilikuwa na injini gani.

Niliwahi kusimama kando ya meza ya fundi pampu, mtaa wa Unga Limited hapa Arusha, wakati akifungua pampu ya 1HZ iliyokuwa ikiendeshwa kwa mafuta ya kukaangia yaliyochujwa kwa kitambaa tu. Alipotoa kifuniko, harufu ya chipsi ilijaa chumba. Plunja ilikuwa na utando wa kahawia, mgumu, usiotoka kwa kucha wala kwa petroli, na visu vya pampu ndogo ya ndani, ambavyo hutakiwa kuteleza kwa uhuru katika mifereji yake, vilikuwa vimenata kabisa. Mpira mmoja wa kuzuia mvujo ulikuwa umevimba hadi ukatoka katika mtaro wake. Nozeli zote 6 zilipopelekwa kwenye mashine ya kupimia, mbili tu ndizo zilizorusha ukungu, nyingine zikadondosha matone. Mwenye gari alikuwa amejiwekea akiba ya mafuta kwa miezi kadhaa, na gharama ya matengenezo ikaila akiba yote na kuzidi.

Sababu ya uharibifu huo inaeleweka. Kwa nyuzijoto 40 za Selsiasi, mnato wa dizeli huwa kati ya 2 na 4.5 kwa kipimo cha milimita za mraba kwa sekunde, ilhali mafuta ya mimea kwa joto hilohilo huwa karibu 30 hadi 40, yaani mara 10 hivi. Nozeli iliyobuniwa kupasua dizeli kuwa ukungu haiwezi kuyapasua mafuta mazito kiasi hicho. Matone makubwa hufika kwenye kuta za silinda yakiwa hayajaungua, hugeuka masizi kwenye ringi, na mengine hupenya chini na kuifanya oili ya injini iwe nzito. Watetezi wa njia hii hukumbusha kwamba katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya dizeli iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, jambo ambalo Rudolf Diesel mwenyewe alilisimulia baadaye. Ni kweli, lakini ile ilikuwa injini ya kusimama mahali pamoja, na haikuwa na pampu kama hii yetu.

Dawa inayojulikana ni kufunga matangi mawili: gari huwashwa kwa dizeli, maji ya moto ya rejeta huyapasha mafuta ya mimea hadi nyuzijoto 70 au 80, kisha dereva hugeuza valvu, na kabla ya kuzima injini hurudi kwenye dizeli ili asiache mafuta mazito ndani ya pampu. Kwa lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma na kusimama mara chache, mpango huo una mantiki. Kwa gari la watalii haufai, kwa sababu kazi yenyewe ni kusimama. Dereva huzima injini kwa ajili ya simba, huwasha, husogea mita mia mbili, huzima tena kwa ajili ya tembo, na huwezi kumtaka kila mara akumbuke kusafisha mfumo huku wageni wakimnong'oneza kwamba chui anashuka mtini.

Halafu kuna baridi, ambayo watu wa pwani wanaweza kuisahau lakini sisi hatuwezi. Mafuta mengi ya kupikia yanayouzwa madukani kwetu yanatokana na mawese, na kila mama wa Arusha anajua kwamba mwezi Julai dumu la mafuta huanikwa juani asubuhi ili yamiminike. Julai moja niliweka chupa tatu dirishani usiku mjini Karatu: ya kwanza ya dizeli, ya pili ya mafuta ya kukaangia yaliyochujwa vizuri, ya tatu ya biodizeli iliyotengenezwa kutokana na mafuta hayohayo. Alfajiri dizeli ilikuwa ng'avu kama ilivyolala. Mafuta ya kukaangia yalikuwa yameganda kama siagi, hata nilipoigeuza chupa juu chini hayakutikisika. Biodizeli ilikuwa bado inamiminika, lakini ilikuwa imefanya ukungu mweupe uliotulia chini, na ukungu wa namna hiyo ndio unaoziba filta. Karatu iko kwenye mita kama 1,500 hivi. Ukingo wa Ngorongoro, ambako magari yetu hulala nje na kutakiwa kuwaka saa kumi na moja na nusu alfajiri, unazidi mita 2,200.

Pamoja na hayo, biodizeli ndiyo mbadala ninaouheshimu kuliko mingine yote ya majimaji. Hapa mafuta ya mimea hayatiwi kwenye tangi yalivyo, bali hubadilishwa kikemia: kwa kila lita 100 za mafuta hutiwa takriban lita 20 za methanoli pamoja na kostiki soda kidogo, glisirini hujitenga na kuzama chini, na kinachobaki juu, kikisha kuoshwa na kukaushwa, huwa na mnato wa 4 hadi 5, yaani karibu sana na dizeli. Nishati yake ni megajuli 33 kwa lita dhidi ya 36 za dizeli, tofauti ambayo dereva haihisi kwa urahisi. Tena kuna faida moja isiyosemwa sana. Tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilipohamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, jambo lililokuwa jema kwa mapafu yetu, hatua za kiwandani zinazoondoa salfa huondoa pia sehemu ya uwezo wa dizeli wa kulainisha, na watengenezaji wa dizeli hulazimika kuurudisha kwa viongezo. Biodizeli hulainisha vizuri sana; hata asilimia 2 tu ndani ya dizeli huipa pampu kama VE ulinzi unaoonekana kwenye vipimo.

Matatizo yake nayo ni ya kweli. Biodizeli husafisha uchafu wote uliolala katika tangi la gari la miaka ishirini na kuupeleka kwenye filta, kwa hiyo tangi la kwanza na la pili lazima yaandamane na filta za akiba. Huifanya mipira ya zamani ilegee na kuvimba, ndiyo maana hosi za kurudishia mafuta hubadilishwa kwanza kabla ya kitu kingine. Huvuta unyevu, na kwenye maji huota vijidudu vinavyotengeneza utelezi mweusi chini ya tangi, kwa hiyo si mafuta ya kuweka akiba kambini kwa msimu mzima wa masika. Juu ya yote, utengenezaji wake si wa uani. Methanoli ni sumu inayopofusha na kuua, hupenya hata kwenye ngozi, na moto wake karibu hauonekani mchana. Nawasihi vijana wanaojaribu kuitengeneza kwenye mapipa nyuma ya gereji waache, au watafute mahali penye hewa ya kutosha, glovu zinazofaa na mtu aliyesomea kemia.

Swali la upatikanaji ndilo linalonisumbua zaidi. Gari linalotembea kilomita 3,000 kwa mwezi na kula lita 16 kwa kilomita 100 linahitaji lita 480. Katika nchi za Ulaya mgahawa hulipa ili mafuta yaliyotumika yachukuliwe. Kwetu kibanda cha chipsi huyatumia hadi yakaribie kwisha, na yanayobaki mara nyingi yana mnunuzi wake, mtengeneza sabuni akiwa mmojawapo. Mafuta mapya ni ghali kuliko dizeli yenyewe, na Tanzania bado inaagiza sehemu kubwa ya mafuta ya kula kutoka nje. Kuyachoma kwenye injini wakati familia zinapima robo lita dukani ni jambo ambalo siwezi kulitetea, hata kama hesabu ya shilingi ingekubali.

Mbono kaburi uliahidi kutuondolea mgongano huo, kwa kuwa hauliwi. Kuanzia katikati ya miaka ya 2000 ardhi kubwa ilitolewa Kisarawe na Kilwa kwa ajili yake, na huku kwetu wakulima wadogo walishawishiwa kuchuma mbegu kutoka katika nyua za mashamba yao. Mashamba yale makubwa yalianguka ndani ya miaka michache, na wanavijiji walioachia ardhi wakabaki na maswali mazito kuhusu haki yao. Kwa hesabu ya gari letu, mashine ndogo ya kukamulia huhitaji kilo 4 hadi 5 za mbegu kwa lita moja, kwa hiyo lita 480 ni takriban tani mbili za mbegu kila mwezi, zilizochumwa kwa mkono, na mti huo hauzai sana pasipo maji kama ilivyotangazwa. Kule Engaruka mafuta ya mbono yaliwahi kuendesha injini ya kijiji ya kusaga na kuzalisha umeme, injini nzito ya mwendo wa polepole isiyo na makuu, na nadhani hapo ndipo mahali pake hasa palipo.

Sasa gesi. Gesi asilia ni mali yetu: iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, ikaanza kutumika mwaka 2004, na kwa teksi na bajaji za Dar es Salaam imeleta nafuu ambayo hakuna anayeweza kuibishia. Ningefurahi kuliko wengi iwapo ingetufaa na sisi. Lakini bomba kubwa linatoka Mtwara kuja Dar es Salaam, haliji kaskazini, na fizikia ya mitungi haina huruma. Land Cruiser yenye matangi mawili hubeba lita 180 za dizeli, na kwa mzigo wa watalii huvuka kilomita 1,000. Ili upate nishati ileile kwa gesi iliyoshindiliwa kwa bar 200 unahitaji takriban kilo 135 za gesi. Mtungi wa chuma wa lita 60 hubeba kilo 10 hivi, na wenyewe mtupu una uzito wa kilo 60 au zaidi. Hiyo ni mitungi 13 au 14, karibu kilo 850 za chuma, katika gari ambalo tayari lina watu saba, mizigo, friji ya maji na springi zinazolia. Ukipunguza mitungi hadi miwili unabaki na mwendo ambao hautoshi hata kutoka Arusha hadi lango la Naabi la kuingilia Serengeti.

Isitoshe, 1HZ haina plagi za kuwashia gesi. Kuigeuza iwe ya gesi tupu ni kutoa nozeli, kutoboa nafasi za plagi, na kubadili pistoni ili mgandamizo ushuke kutoka 22 hadi karibu 12. Ukishafanya hivyo, injini haiwezi tena kurudi kwenye dizeli siku gesi itakapokosekana. Njia ya pili ni kuchanganya: gesi huingizwa pamoja na hewa, na dizeli kidogo hurushwa ili iwashe mchanganyiko. Njia hii inaweza kupunguza dizeli hata kwa nusu pale injini inapovuta mzigo kwa mwendo mmoja, na gesi ikiisha gari huendelea kwa dizeli, kwa hiyo ndiyo pekee ninayoweza kuiita ya porini. Hata hivyo kwenye mwendo wa taratibu wa mbugani gesi nyingi hutoka bila kuungua, na kwa mgandamizo wa 22 mlipuko wa mapema si hofu ya kufikirika. Mwenye gari la petroli anayeishi Dar es Salaam na kwenda Mikumi ana hesabu tofauti kabisa: kwake mtungi mmoja wa gesi pamoja na tangi lake la petroli ni uamuzi mzuri, na ningemshauri aufanye kwenye karakana iliyoidhinishwa.

Gesi ya mitungi ya kupikia inatajwa mara kwa mara kwa sababu inapatikana hata Wasso, huko Loliondo. Kifaa cha gari kilichobuniwa kwa gesi hiyo kina tangi lake maalumu na kigeuzi chake. Mtungi wa jikoni uliofungwa kwa waya nyuma ya siti hauna uhusiano wowote na kifaa hicho. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutuama sakafuni mwa gari, na cheche moja inatosha. Ethanoli nayo haiwaki kwa mgandamizo kama dizeli, kwa hiyo Malawi inaichanganya kwenye petroli tangu mwaka 1982 na inafanya vizuri, lakini 1HZ haihusiki. Mafuta ya taa siyaiti mbadala hata kidogo: ni makavu, yanasaga pampu, na kuyachanganya na dizeli ndiko kuchakachua kulikosababisha mafuta nchini yawekwe vinasaba, yaani alama za kutambulia mafuta halali.

Umeme nilikuwa nauona kama mambo ya maonyesho hadi nilipopiga hesabu ya gari la kambini, yaani lile lisilotoka hifadhini. Gari hilo hutembea kilomita 80 hadi 120 kwa siku, kwa mwendo usiozidi kilomita 50 kwa saa, hurudi mchana kula na jioni kulala, daima mahali pamoja. Kwa matumizi ya uniti 35 hivi kwa kilomita 100, betri ya uniti 70 inatosha siku nzima na akiba, na paneli za jua za kilowati 20 huweza kuijaza. Land Cruiser zilizobadilishwa kuwa za umeme zimekuwa Serengeti tangu mwaka 2018, na kampuni ya Nairobi iliyokuwa ikiitwa Opibus, sasa Roam, ilianza kwa kazi hiyohiyo. Kuzima na kuwasha kila baada ya mita mia mbili, jambo linaloua mpango wa matangi mawili, kwa mota ya umeme si kitu. Halafu dizeli ya kubeba hadi kambini kwa lori haihitajiki, na kwa ukimya wa gari wanyama hawashtuki. Lakini gari hilohilo halifiki Loliondo na kurudi, na sitajifanya kwamba linafika.

Kwa hiyo magari yetu ya safari ndefu yanabaki kwenye dizeli, iliyonunuliwa katika kituo kinachoaminika, ikipita kwenye filta mbili na kitenganishi cha maji. Nitaichanganya na biodizeli iliyopimwa maabara kwa asilimia 5 mwaka mzima, na kwa magari ya Tarangire na Manyara, kati ya Oktoba na Machi, hadi asilimia 20, ilimradi muuzaji aonyeshe cheti cha kila shehena na hosi zote ziwe zimebadilishwa. Yale yenye injini mpya za komoni reli, yaani zenye bomba moja la pamoja linalogawa mafuta kwa nozeli zote, ambazo shinikizo lake la mafuta ni kubwa mara nyingi kuliko la 1HZ, hayatapewa zaidi ya kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari. Gari la kambini kwa sasa linakula oili na moshi wake umeanza kuwa wa bluu. Kabla hatujanunua pistoni na ringi mpya, nimeomba gharama ya kulibadili liwe la umeme ipigwe hesabu kando ya ile ya kufufua injini, na nitaziandika zote mbili hapa zikishakamilika.